Mshono Ndio Mpira: Somo kwa Wanunuzi wa Mipira ya Besiboli na Softiboli

Kwa nini tumeandaa somo hili

Bidhaa tunayoizungumzia hapa ni ndogo. Hukaa katika kiganja cha mkono. Hata hivyo ni miongoni mwa bidhaa ambazo mnunuzi hudanganyika nazo kwa urahisi, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani yake imefichwa ndani. Godoro unaweza kulilalia dukani ukalipima; shati unaweza kuligeuza ndani ukatazama pindo. Mpira wa besiboli ukishashonwa, hakuna njia ya kuutazama ndani bila kuuharibu. Mnunuzi hubaki na ushahidi mmoja tu ulio wazi mbele ya macho yake, nao ni mshono.

Besiboli na softiboli si michezo iliyozoeleka sana nchini, lakini haipo mbali nasi. Katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kuna kiwanja cha besiboli kilichozinduliwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na Wajapani, na mashindano ya vijana yanayofanyika nchini yameazima jina la Koshien, uwanja mashuhuri wa shule za sekondari za Japani. Ng'ambo ya ziwa letu, mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya ligi ya watoto huko Williamsport, Marekani. Shule, klabu au mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayetaka kuanza mchezo huu atahitaji mipira, na atainunua pengine kabla hajawahi kuona mtu akiicheza. Mnunuzi wa namna hiyo ndiye tuliyemwandikia.

Mwisho wa somo, tunatarajia msomaji aweze: (i) kueleza mpira wa besiboli na wa softiboli unavyoundwa, (ii) kutambua mshono mzuri na mbaya kwa macho na vidole, (iii) kuukagua mpira kwa mizani na utepe, (iv) kujua kinga anayopewa na sheria, na (v) kuutunza mpira katika hali ya hewa ya Mara.

Mpira uliopasuliwa mezani

Tuanze na tukio tulilolishuhudia wenyewe. Katika ziara moja ya elimu kwa mlaji mkoani Mara, mwalimu wa michezo wa shule moja ya msingi, ambayo hatutaitaja, alituletea mfuko wenye mipira sita. Wazazi walikuwa wamechangishana fedha, wengine baada ya kuuza pamba, wengine baada ya kuuza dagaa. Mipira ilikuwa imetumika wiki tatu. Minne ilikuwa imefumuka mshono, mmoja umekuwa kama yai, na wa sita ulikuwa mzima kwa sababu haukuwa umetumika.

Tulimwomba ruhusa tukapasua mmoja kwa kisu mbele ya watu waliokusanyika mezani petu. Ndani hatukukuta sufu iliyovingirishwa kwa mpango. Tulikuta vipande vya raba chakavu vilivyogandishwa kwa gundi, vikazungushiwa mzunguko mmoja au miwili ya uzi uliolegea, kisha vikafunikwa kwa plastiki nyembamba iliyochorwa vinyweleo ili ifanane na ngozi. Mshono mwekundu ulikuwa umepita katika plastiki hiyo kwa kina cha milimita moja hivi. Haukuwa umeshika kitu.

"Mwalimu, risiti ipo?" tulimwuliza.

"Nililipa mkononi, sikupewa karatasi," alijibu. "Muuzaji mwenyewe alikuwa mpitaji."

Hapo msaada wetu ulifika ukingoni. Tuliweza kumweleza kilichotokea, lakini hatukuweza kumrudishia wazazi fedha zao, kwa maana hapakuwa na muuzaji anayejulikana wala hati ya kuthibitisha mauzo. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu, akiushika ule mpira uliopasuliwa, alisema kwamba watoto wangepata mpira bora kuliko huo kwa matambara na kamba. Kauli yake ilikuwa ya kweli kuliko alivyokusudia. Mtoto anayefunga chandimu kwa matambara hukaza kila mzunguko wa kamba, kwa kuwa anajua kwamba uimara wa mpira hutokana na mkazo wa kilichomo ndani. Waliotengeneza mipira ile sita ama hawakujua hilo au hawakujali.

Mpira wa besiboli unavyoundwa

Mpira kamili wa besiboli, wa aina inayotumika katika ligi kuu ya Marekani, una sehemu tatu: kiini, mavingirisho na vazi la ngozi.

*Kiini* ni tufe dogo la koki, yaani gome jepesi la mti ambalo pia hutengenezewa vizibo vya chupa, lililofunikwa kwa tabaka mbili za raba. Kipenyo chake ni kama sentimita 3.5. Kiini ndicho kinachoupa mpira kunesa.

*Mavingirisho* ni nyuzi zinazozungushwa juu ya kiini kwa mashine huku zikivutwa kwa mkazo usiobadilika. Tabaka ni nne: kwanza sufu nene ya kijivu, takribani mita 111, kisha sufu nyeupe, takribani mita 41, kisha sufu ya kijivu tena, takribani mita 48, na mwisho uzi mwembamba wa pamba iliyochanganywa na poliyesta, takribani mita 137. Kwa jumla ni zaidi ya mita 330 za uzi ndani ya kitu kinachoshikwa kwa mkono mmoja. Sufu huchaguliwa kwa sababu hubonyea na kurudi katika umbo lake. Mkazo ukilegea katika tabaka moja tu, mpira huanza kuwa na upande laini, na upande huo ndio utakaobonyea kwanza.

*Vazi* ni vipande viwili vya ngozi vinavyolingana kabisa, kila kimoja kimekatwa mfano wa tarakimu nane. Hadi mwaka 1974 ligi kuu ya Marekani ilitumia ngozi ya farasi. Tangu wakati huo ni ngozi ya ng'ombe. Vipande hivyo hufungamanishwa kwa mishono 108 ya jozi, ambayo ni sawa na matundu 216, kwa uzi mwekundu uliopakwa nta, wenye urefu unaozidi kidogo mita 2.2. Mshono wa kwanza na wa mwisho hufichwa, hivyo mpira mzuri hauonyeshi mahali ulipoanzia wala ulipoishia.

Mpira uliokamilika huwa na uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzingo wa sentimita 22.9 hadi 23.5. Tunamwomba msomaji azikumbuke namba hizi, maana tutazirejea.

Mpira wa softiboli unavyoundwa

Jina la softiboli lina asili ya neno lenye maana ya ulaini, na hapo wengi hukosea. Mpira wa softiboli wa leo si laini. Ni mkubwa zaidi na mzito zaidi ya ule wa besiboli, na ukimpiga mtoto usoni unaweza kumjeruhi vibaya. Mzazi asinunue softiboli kwa kuamini kwamba ni mpira wa kuchezea mikono mitupu na kichwa wazi.

Mpira wa kawaida huitwa saizi 12, namba hiyo ikiwa ni mzingo wake kwa inchi. Kwa sentimita ni kati ya 30.2 na 30.8, na uzito wake ni gramu 178 hadi 198. Ipo pia saizi 11, yenye mzingo wa takribani sentimita 28, ambayo hutumiwa na watoto wadogo kwa kuwa hukaa vizuri zaidi mkononi.

Kiini cha softiboli huweza kuwa cha namna tatu. Cha zamani ni usufi, yaani ile pamba ya mti wa msufi ambayo watu wetu wameijaza katika mito na magodoro kwa vizazi vingi. Cha pili ni mchanganyiko wa koki na raba. Cha tatu, ambacho leo ndicho kilichoenea, ni poliyurethani, aina ya plastiki inayomiminwa katika kalibu ikaganda kuwa tufe moja. Juu yake huja vazi la ngozi au la ngozi bandia, mara nyingi la rangi ya njano kali ili mpira uonekane vyema.

Katika mipira mingi ya softiboli huchapishwa namba mbili, kwa mfano .47 na 375. Ya kwanza huonyesha kunesa: mpira ukigonga kitu kigumu, hurudi kwa asilimia 47 ya kasi uliyokwenda nayo. Ya pili huonyesha ugumu: ni nguvu, kwa ratili, inayohitajika kuubonyeza mpira kwa robo inchi. Ratili 375 ni sawa na uzito wa kilo 170 hivi. Kadiri namba ya pili inavyopungua, ndivyo mpira unavyobonyea kwa urahisi zaidi unapogonga. Mpira usio na namba hizi si lazima uwe mbaya, lakini muuzaji anapaswa kuweza kueleza ugumu wake.

Mshono: kazi yake na namna unavyoboreshwa

Mshono una kazi tatu. Kwanza, huubana mwili wote wa mpira. Vazi lililokazwa sawasawa husaidia mavingirisho yasitawanyike. Pili, humpa mchezaji mahali pa kushika. Tatu, nyuzi zilizoinuka juu ya ngozi hushika hewa mpira unapozunguka, na hivyo huathiri njia unayoifuata angani. Mpira ambao mshono wake umeinuka upande mmoja na kulala upande mwingine huweza kupinda bila mrushaji kukusudia, na mtoto anayejifunza kudaka hukosa mahali pa kuweka mkono.

Kwa sababu hizo, mipira ya daraja la juu bado hushonwa kwa mikono. Mipira ya ligi kuu ya Marekani hushonwa katika mji wa Turrialba, nchini Costa Rica, ambako fundi mzoefu hutumia kiasi cha robo saa kwa mpira mmoja. Hatua za kazi yake zinafaa kufahamika, kwa kuwa kila hatua inayorukwa huacha alama ambayo mnunuzi anaweza kuiona.

*Kulowesha ngozi.* Kabla ya kushona, ngozi hufanywa kuwa na unyevu kiasi ili ivutike. Inapokauka hujikaza juu ya mavingirisho. Ngozi iliyoshonwa kavu hubaki na mikunjo kando ya mshono.

*Matundu yanayolingana.* Matundu ya vipande viwili hutobolewa kwa umbali uleule kutoka ukingoni. Tundu lililo karibu mno na ukingo hupasuka mpira unapopigwa kwa nguvu.

*Sindano mbili.* Fundi hushona kwa sindano mbili zinazopishana. Kila sindano hutokea chini ya ukingo wa ngozi na kwenda upande wa pili, hivyo nyuzi hukaa mfano wa herufi V zinazofuatana. Faida yake ni kwamba uzi mmoja ukikatika, wa pili bado umeshikilia.

*Nta.* Uzi uliopakwa nta huteleza katika tundu bila kuchubuka, hushika ukishakazwa, na hausharabu maji upesi.

*Mkazo sawa.* Kila mshono huvutwa kwa nguvu ileile. Baada ya hapo mpira huviringishwa kwa mashine ili mshono ulale kwa usawa.

Katika mipira ya bei nafuu hatua hizi hupunguzwa. Jambo hilo peke yake si udanganyifu. Mpira wa mazoezi wenye vazi la ngozi bandia na kiini cha raba una nafasi yake, mradi uuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Udanganyifu huanza pale mpira huo unapouzwa kwa jina la ngozi halisi na sufu.

Ukaguzi wa hatua saba

Mnunuzi hahitaji maabara. Anahitaji mizani ya duka, utepe wa fundi cherehani na dakika tano.

1. *Tazama mshono wote.* Zungusha mpira taratibu, ukifuata mshono kutoka mahali ulipoanzia hadi utakaporudi hapo. Herufi V zote zilingane kwa upana na zielekee namna moja. Ukiona pengo, fundo au ncha ya uzi iliyochomoza, uweke mpira kando.

2. *Pitisha ukucha.* Sukuma uzi kwa ukucha wa kidole gumba. Uzi uliokazwa hausogei. Ukiweza kuuinua, utafumuka.

3. *Bonyeza pande sita.* Bonyeza mpira kwa vidole gumba viwili juu, chini na pande nne. Ugumu uwe uleule kila mahali.

4. *Pima uzito.* Besiboli: gramu 142 hadi 149. Softiboli ya saizi 12: gramu 178 hadi 198. Mpira ulio mwepesi sana kwa kawaida umepunguziwa kilichomo ndani. Mzito kupita kiasi huenda umejazwa raba tupu au umeloa.

5. *Pima mzingo mara mbili.* Zungusha utepe upande mmoja, kisha upande unaokata ule wa kwanza. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, mpira si mviringo.

6. *Viringisha mezani.* Uviringishe polepole juu ya meza iliyo sawa. Ukiyumba au kusimama upande mmoja kila mara, kiini hakipo katikati.

7. *Soma maandishi.* Tafuta jina la mtengenezaji, nchi ulikotengenezwa, aina ya vazi na aina ya kiini. Maandishi yanayofutika kwa kidole chenye mate, au jina maarufu lililokosewa herufi, ni ishara ya bidhaa bandia.

Rahisi ghali: hesabu ya bei

Wahenga walitwambia kwamba rahisi ghali. Tuifanyie kauli hiyo hesabu, kwa bei tulizozibuni kwa ajili ya mfano tu. Mpira wa kwanza unauzwa Sh 12,000 na unadumu wiki 6. Gharama yake ni Sh 2,000 kwa wiki. Mpira wa pili unauzwa Sh 30,000 na unadumu wiki 30. Gharama yake ni Sh 1,000 kwa wiki. Kamati ya shule iliyonunua mpira wa kwanza kwa kuokoa Sh 18,000 italazimika, katika wiki hizo 30, kununua mipira mitano kwa Sh 60,000, yaani mara mbili ya gharama ya mpira wa pili.

Hesabu hii ina upande wa pili. Kama watoto ndio kwanza wanajifunza, si lazima kuanza na mpira wa ngozi na sufu. Japani, ambako mchezo huu umeenea sana, watoto na wachezaji wa ridhaa wengi hutumia mpira wa raba wenye uwazi ndani, usio na mshono wa uzi. Mistari ya mshono huigizwa juu ya raba yenyewe. Mpira huo haufumuki, haunywi maji, na pigo lake si kali kama la mpira mgumu. Kwa shule yenye uwanja wa changarawe na isiyo na kofia ngumu za kutosha, huo huweza kuwa ununuzi wa busara zaidi kuliko mpira wa ngozi ulio bora.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga kadhaa hata kama hazikuandikwa katika risiti. Tunazieleza tatu zinazohusu ununuzi wa namna hii.

*Bidhaa ilingane na maelezo.* Mpira uliouzwa kwa jina la ngozi uwe wa ngozi. Maelezo ya mdomo husahaulika; mwombe muuzaji aandike katika risiti: "mipira 10 ya besiboli, vazi la ngozi, kiini cha koki na raba".

*Bidhaa ifae kwa kusudi lililotajwa.* Mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hiyo kusudi lake, na ikawa wazi kwamba anategemea ujuzi wake, muuzaji huwajibika kutoa bidhaa inayofaa kwa kusudi hilo. Kwa hiyo usiseme tu "nipe mipira". Sema: "Naomba mipira ya watoto wa darasa la nne, watacheza uwanja wa changarawe, wanaanza kujifunza."

*Shehena ilingane na sampuli.* Ukionyeshwa mpira mmoja na ukaagiza hamsini kwa kuutegemea huo, hamsini yote inapaswa kulingana na ule mmoja kwa ubora, nawe una haki ya kupewa nafasi ya kutosha kulinganisha. Tunashauri mnunuzi na muuzaji waweke saini zao juu ya bahasha yenye sampuli, na bahasha ikae kwa mnunuzi hadi mzigo utakapofika.

Kuna tahadhari moja. Ukiikagua bidhaa kabla ya kuinunua, sheria haikulindi dhidi ya kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa maneno mengine, ukiamua kukagua, kagua kweli. Kasoro za ndani, kama zile za mpira uliopasuliwa mezani kwetu, ni jambo jingine, kwa kuwa hazionekani kwa jicho.

Ukipata tatizo, anza na muuzaji, kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya risiti ya kielektroniki na mpira wenyewe ukiwa haujakarabatiwa. Asipokusikiliza, Afisa Biashara wa halmashauri yako, iwe Musoma, Bunda au Butiama, atakuelekeza. Malalamiko ya bidhaa bandia na ya haki za mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani, na masuala ya viwango vya ubora hushughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Bila risiti, ngazi zote hizi huwa nzito kupanda.

Matunzo katika mazingira ya Mara

Sufu hunywa unyevu, na Musoma imezungukwa na ziwa. Mpira ulioachwa sakafuni katika stoo yenye unyevu huongezeka uzito bila kuguswa na tone la mvua. Uhifadhi katika mfuko wa kitambaa, juu ya rafu, mahali penye hewa. Usiufungie katika mfuko wa plastiki.

Ukinyeshewa, ufute kwa kitambaa na uuache ukauke kivulini kwa siku kadhaa. Usiuanike juani wala karibu na moto: ngozi inayokauka haraka hukakamaa na kupasuka kuanzia kwenye matundu ya mshono. Katika maeneo yenye udongo wa mbuga unaonata, uondoe udongo kabla haujakauka, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na si kwa kuutumbukiza katika ndoo. Changarawe nayo hukata uzi. Mpira mpya usitumiwe kwa mazoezi ya kuviringisha ardhini.

Mshono uliofumuka mahali padogo huweza kurudishwa na fundi viatu. Mpe maelekezo haya: aloweshe ngozi kidogo, atumie matundu yaleyale badala ya kutoboa mapya, ashone kwa sindano mbili, apake uzi nta. Tumeona baadhi ya mafundi wakitumia uzi mwembamba wa nyavu kwa kuwa ni imara. Uimara huo ndio unaoleta madhara, kwa sababu uzi mgumu na mwembamba hukata ngozi mfano wa kisu kila mpira unapopigwa. Mwombe atumie uzi mnene wa kushonea viatu. Mpira uliokarabatiwa uwekewe alama na utumike kwa mazoezi, si kwa mashindano. Kama mavingirisho yamekwisha kuonekana kupitia ufa, au mpira umekuwa kama yai, usikarabatiwe tena.

Zoezi la kujipima

1. Muuzaji anakuonyesha mpira wa besiboli wenye gramu 120 na kukuambia kwamba ni mwepesi kwa sababu ni wa watoto. Utamwuliza maswali gani mawili kabla ya kulipa?

2. Mpira umepimwa mzingo mara mbili: sentimita 23.1 na sentimita 23.9. Je, utaununua kwa mashindano? Toa sababu.

3. Shule yako inataka mipira 20 ya softiboli. Andika sentensi moja itakayoandikwa katika risiti, inayotaja saizi, vazi, kiini na ugumu.

4. Mpira umenyeshewa leo jioni na kesho asubuhi kuna mchezo. Ipo hatari gani katika kuukausha jikoni usiku?

Tunashauri zoezi hili lifanywe na kamati nzima, mpira ukiwa mezani. Mwalimu tuliyemtaja hapo awali alirudi na wajumbe wawili wa kamati yake siku ya mwisho ya ziara yetu. Safari hii walikuwa na mpira mmoja tu, walioununua dukani kwa risiti, na walikuwa wameazima mizani ya muuza nyanya. Waliuweka mbele yetu na kutuomba tunyamaze, wakaukagua wenyewe hatua kwa hatua. Katika hatua ya pili ukucha ulishika uzi ukainuka. Waliurudisha dukani siku ileile, nao walibadilishiwa.